Naomba ushauri: gridi yarudisha bei ya zamani nikibonyeza Update

Wadau salaam, mwenzenu nimekwama tangu juzi. Kuna duka la spea hapa Mwembe Tayari nawatengenezea sistimu ya stoku, ni ASP.NET ile ya Web Forms (teknolojia ya zamani ya Microsoft ya kutengeneza tovuti), msinicheke ndo niliyoikuta. Sasa mzee mwenye duka akibonyeza Edit kwenye GridView (lile jedwali la bidhaa kwenye ukurasa), afuta bei ya 1800 ya breki aandika 2100, abonyeza Update, yarudi 1800 kama hajagusa kitu!

Nikasimamisha kodi ndani ya RowUpdating (ile ifanyayo kazi mtu akibonyeza Update) nikaona kweli teksboksi yaleta 1800, kumbe DataBind (ijazayo gridi data) nimeiita kwenye Page_Load (kila ukurasa ukipakiwa) bila kuuliza IsPostBack (kama ukurasa umerudi kwa sababu ya kitufe), kwa hivyo gridi ilikuwa yajazwa upya toka databesi kabla iventi haijafika. Hiyo nshairekebisha, ujinga wangu. Balaa jipya ni e.NewValues (orodha ya thamani mpya alizoandika mtu), iko tupu kabisa, Count yake 0. Nshasoma kuwa haijazwi kama gridi haikufungwa kwa DataSourceID (jina la chanzo cha data kilichowekwa kwenye ukurasa wenyewe), na mimi DataSource naiweka kwa kodi.

Nikajaribu FindControl (kutafuta teksboksi kwa jina lake) yanipa null, yaani hakuna kitu, kwa sababu kolamu zangu ni BoundField, zajiundia teksboksi zenyewe bila jina. Je nichukue tu Cells[2].Controls[0] niigeuze TextBox (naiona mbovu, mtu akihamisha kolamu moja kila kitu chaharibika), au nizigeuze zote TemplateField (teksboksi naiweka mwenyewe na kuipa jina), na ziko kumi na moja, ama nihamie SqlDataSource (iunganishayo gridi na databesi yenyewe) nipumzike? EditIndex (namba ya safu inayohaririwa) nairudisha -1 na kubaindi tena, hapo sina shida.

Nyinyi mwafanyaje? Mzee ashapiga simu mara mbili leo, nimemwambia ni mtandao.