Tuliopita kozi za kuprogramu na kanzidata chuoni, tupeane uzoefu

Mwana wa Duka: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anasoma diploma ya TEHAMA upande wa biashara, leo kaja na ratiba ya muhula: Kanzidata, Kuprogramu, Uhasibu. Kuona zile 1NF, 2NF, 3NF, hatua za kupanga majedwali ya kanzidata (database) ili data isijirudie, nikakumbuka ubao uliojaa majedwali, mwalimu anafuta ya kwanza wakati sisi wa nyuma bado tunanakili kichwa cha habari. Mliopita humo mwagikeni, dogo anasoma hapa.

bi_takwimu: Mtihani wa kuandika programu kwenye karatasi! Kalamu mkononi, kompyuta hakuna, nukta mkato ikisahaulika alama inaondoka. Tulilalamika sana, ila mimi nautetea. Hadi leo nikipewa SELECT, ile amri ya kusoma data, ndefu ya kuunganisha majedwali matatu naiona kichwani kabla sijagusa kibodi.

Kipanga wa Iringa: Nakazia.

Mzee wa Safu ya 8: Ninyi wa juzi. Sisi miaka ya 90 tulisoma lugha ya COBOL na kanzidata ya dBASE IV. COBOL ina migawanyo minne, IDENTIFICATION, ENVIRONMENT, DATA na PROCEDURE, na kila kitu kina safu yake. Kichwa cha mgawanyo kinaanza safu ya 8, amri zinaanza ya 12. Ukiteleza safu moja, programu nzima inakataa.

Dogo wa Level 5: Mzee shikamoo, lakini lugha ya 1959 imeshakufa. Dogo asome Python apate kazi.

Mzee wa Safu ya 8: Marahaba. Haijafa. Aprili 2020, korona imepamba moto, gavana wa New Jersey kule Marekani, Phil Murphy, aliomba hadharani wajuzi wa COBOL wajitolee, maana mfumo wa mafao ya waliopoteza kazi ulikuwa umeelemewa. Kitu kilichokufa hakitafutiwi fundi.

Dogo wa Level 5: Sawa, lakini hapa Bongo nani anakuajiri kwa COBOL?

Kipanga wa Iringa: Ngoja niwatoe kwenye COBOL. Mada imenigusa pabaya.

Mradi wetu wa mwisho tulitengeneza mfumo wa mauzo kwa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, kwa lugha ya PHP na kanzidata ya MySQL. Tajiri aliupenda, akaanza kuutumia kweli kabla hata hatujautetea chuoni. Kisha akataka mpwa wake apewe nywila ya msimamizi, eti kijana anajua kompyuta. Tukakataa, akasema duka ni lake. Akapewa.

Siku simenti ilipopanda bei, kijana akaingia kwenye phpMyAdmin, ukurasa wa kuendeshea kanzidata, akaandika amri ya kubadilisha bei: UPDATE bidhaa SET bei = 18500; halafu akabonyeza. WHERE, ile sehemu ya kutaja bidhaa ipi, hakuna. Duka zima likawa 18,500: kilo ya misumari, bati, koki, ndoo ya rangi, kofia ya bomba. Foleni imejaa mafundi, keshia anasoma bei, fundi mmoja anacheka, mwingine anapakia ndoo za rangi harakaharaka. Tajiri akanipigia simu anafoka hadi simu inakwaruza. Kijana akaandika ROLLBACK, amri ya kurudisha nyuma, lakini wapi! MySQL isipoambiwa vingine inathibitisha kila amri papo hapo. Bakapu? Kijana alikuwa ameizima kwa sababu "inafanya mashine kuwa nzito".

Kilichotuokoa ni mwalimu wetu wa kanzidata. Wakati wa kusanifu alitulazimisha tuweke safu ya bei kwenye jedwali la mistari ya mauzo, ingawa bei ipo tayari kwenye jedwali la bidhaa. Tulibishana naye darasani, tukiona tunarudia data. Basi siku hiyo tukachukua kila bidhaa, tukatafuta bei ya mauzo yake ya mwisho kabla ya ile saa, tukairudisha. Ambazo hazijawahi kuuzwa tulizisoma kwenye daftari la zamani la tajiri, yeye anataja, mimi naandika, mpaka usiku.

bi_takwimu: Aisee, nimesisimka. Na hizo ndoo za rangi?

Kipanga wa Iringa: Mbili zilirudi. Fundi ni mteja wa siku zote.

Dogo wa Level 5: Lakini mkuu, bei kuwa sehemu mbili si inavunja 3NF?

bi_takwimu: Haivunji. Bei ya leo na bei aliyolipa mteja siku ile ni vitu viwili tofauti. Bila hiyo safu, simenti ikipanda leo, risiti za mwaka jana zote zinapanda nayo, na mkaguzi akija unamweleza nini?

Pwani Tulivu: Salamu kutoka Mombasa. Sisi tulisukuma mradi kwa Access, kanzidata ya Microsoft, na lugha ya Visual Basic. Faili la Access likifika GB 2 ndio mwisho wake. Lakini usiidharau, duka dogo linatosha kabisa.

Mzee wa Safu ya 8: Access siyo kanzidata ya kazi.

Pwani Tulivu: Mzee, yaani dBASE ndiyo ilikuwa ya kazi?

Mwana wa Duka: Jamani, turudi kwa dogo. Aanzie wapi?

Kipanga wa Iringa: Aandike SELECT kwanza na WHERE ileile, aone mistari ipi inaguswa. Ndipo aibadilishe kuwa UPDATE. Na aanze na START TRANSACTION, ili akikosea ROLLBACK imrudishe.

Pwani Tulivu: Safu ya pesa aweke aina ya DECIMAL inayotunza desimali kamili, asiweke FLOAT inayokadiria. VAT yenu ya 18% kwenye FLOAT itamletea senti zisizo na mwenyewe.

Dogo wa Level 5: Aachane na nadharia, ajenge vitu.

bi_takwimu: Asimsikilize huyo. Uhasibu asiuruke hata kipindi kimoja, wengi wanadisko, yaani wanaondolewa chuo kwa kufeli, wakidhani ni somo la pembeni.

Dogo wa Level 5: Basi nami niulize la mtihani. Ukipewa risiti uifikishe 3NF, ile jumla chini unaiweka kwenye jedwali?

bi_takwimu: Hapana. Jumla inatoka kwenye idadi mara bei, acha SELECT ikokotoe. Ukiamua kuiweka, andika sababu pembeni, wasahihishaji wanaangalia hapo.