Re: Mtoto katoka Nairobi, hesabu za majira zinampiga chenga (Arusha/Moshi)

Mama wa Sakina, Arusha, aliandika:

Wapendwa, hamjambo nyote.

Mlinisaidia sana na mambo ya vibali na ya kuvusha vyombo vya nyumba pale Namanga, na sasa nimerudi na shida nyingine. Binti yetu ameingia kidato cha tatu hapa Arusha. Nairobi hesabu hazikuwa tatizo lake. Huku mwalimu wa tuisheni ameanza kuwaonjesha jometri ya majira (nukta na mistari kwenye grafu), ile ya kidato cha nne, na karatasi zinarudi zimejaa wino mwekundu.

Juzi nilikaa naye mezani nikamtazama akifanya. Kanuni zote anazo kichwani: umbali kati ya nukta mbili, nukta ya katikati, mteremko, mlinganyo wa mstari. Anazitiririsha kama sala. Mpe nukta zenye namba hasi sasa, anaanza kubahatisha. Halafu amezoea kalkuleta, na shuleni wamemwambia aiache nyumbani. Hiyo ni sheria ya shule yetu au ni ya nchi?

Mimi na baba yake tulisoma 8-4-4, ule mfumo wa Kenya. Tunakumbuka y = mx + c, mbele ya hapo ni giza. Mwenye mazoezi mazuri anigawie tafadhali.

Baba wawili, Njiro, alijibu:

> Hiyo ni sheria ya shule yetu au ni ya nchi?

Dada, karibu Arusha. Ni ya nchi. Pepa za NECTA (baraza la mitihani la Tanzania) za hesabu za kidato cha nne nilizo nazo hapa nyumbani, ukurasa wa kwanza unasema wazi: majedwali ya hesabu ruksa, kalkuleta na simu marufuku. KNEC, baraza la kwetu Kenya, wanaruhusu kalkuleta isiyo na programu, ndiyo maana watoto wetu wakivuka mpaka vidole vinatafuta vitufe. Pepa ni ya saa 3, maswali 14: kumi ya mwanzo yana alama 6 kila moja, manne ya mwisho alama 10 kila moja. Mtoto akitumia dakika kumi kusaka kipeuo cha pili cha 45, amekwisha.

Wangu niliwawekea GeoGebra kwenye kompyuta. Ni ya bure. Unaandika mlinganyo, mstari unajichora. Waliipenda sana. Jaribu.

Mwalimu mstaafu, Rau, Moshi, alijibu:

Mama, hongera kwa kuhamia na pole kwa wino mwekundu. Mimi nilizaliwa Kisii, nikaja kufundisha hesabu huku Kilimanjaro nikazeekea hapa hapa, sasa niko na migomba yangu. Ndugu wa Njiro amesema kweli kuhusu kalkuleta. Kuhusu GeoGebra nitabishana naye baadaye.

Kwanza, mwondolee hizo kanuni kwa muda. Mpe daftari la miraba, lile la hesabu, penseli na rula. Achore nukta mbili, kisha ahesabu: kutoka hii kwenda ile ni hatua ngapi kulia, hatua ngapi juu. Kila kitu kinazaliwa na hizo namba mbili. Gawa za juu kwa za kulia, umepata mteremko. Tembea nusu ya kila moja, umefika katikati. Zifanye pande mbili za pembetatu mraba, Pythagoras anakupa umbali. Akienda kushoto au akishuka, hapo ndipo hasi inapoingia, na ataiona kwa macho kabla hajaiandika.

La pili walimu wengi tunalipita haraka. Mtoto huyo huyo anasoma Jiografia. Huko anafundishwa kutaja latitudo kwanza, longitudo baadaye. Yaani juu na chini inatangulia. Kwenye hesabu inayotangulia ni kulia na kushoto. Na bado Jiografia yenyewe ikifika kwenye kusoma ramani, gridi inaanza na mashariki ndipo kaskazini! Usishangae basi akipindua (3, −2) ikawa (−2, 3). Si uzembe wote huo.

Mimi darasani nilikuwa natumia miji yetu miwili. Arusha iko karibu na latitudo 3.37 kusini na longitudo 36.68 mashariki. Moshi ni 3.35 kusini na 37.34 mashariki. Kusini mwa ikweta tunahesabu hasi, kwa hiyo kwenye grafu Arusha ni (36.68, −3.37) na Moshi ni (37.34, −3.35). Sasa atoke Arusha kwenda Moshi:

Kulia: 37.34 − 36.68 = 0.66
Juu: −3.35 − (−3.37) = 0.02

Mstari wa pili ndio unaowaangusha. Wengi huandika −6.72 na kuendelea mbele bila wasiwasi wowote. Ukimwona anafanya hivyo usimkosoe, mletee ramani ya Tanzania umwambie ashuke digrii 6.72 kutoka Arusha. Atajikuta kule kusini kabisa, anaelekea Tunduru. Baada ya hapo mabano hatayasahau. Na ayaandike kila mara, hata pale anapodhani hayahitajiki.

Akimaliza, umbali ni kipeuo cha pili cha 0.66² + 0.02², karibu 0.66 ile ile. Huku karibu na ikweta digrii moja ni kama kilomita 111 kwa upande wowote, kwa hiyo anapata kama kilomita 73. Barabara ni kama 80, maana basi halipiti angani. Mteremko ni 0.02 kugawa kwa 0.66, karibu 0.03: mstari umelala, Moshi iko kaskazini kidogo tu kuliko Arusha. Nimewahi kuona wanafunzi waliokuwa wanasinzia wakiamka kwa swali hili.

Sasa kalkuleta. Descartes, yule mwanahisabati aliyetuletea balaa hili la mihimili ya x na y, mwaka 1637, hakuwa nayo. Wewe mzazi unaweza kutunga maswali yenye majibu safi hata ukiwa gizani. Shika mafungu haya: 3, 4, 5; halafu 5, 12, 13; halafu 8, 15, 17. Chagua nukta yoyote, tuseme (−2, 1). Nenda 5 kulia na 12 chini, unafika (3, −11). Mpe nukta hizo mbili, umwombe umbali. Jibu ni 13, na wewe unalijua kabla hajagusa penseli. Ukitaka kubadilisha ladha, zidisha fungu zima kwa 2 upate 6, 8, 10.

Jibu likiwa si safi, aliache ndani ya alama ya kipeuo. Kutoka (1, 2) hadi (4, 8) ni √45, yaani 3√5, na hapo atulie. Swali likidai desimali ndipo afungue kitabu cha majedwali, atakuta 6.708.

Zoezi la kumpa wiki hii: A ni (2, −1), B ni (−4, 7). Atafute umbali, nukta ya katikati, mlinganyo wa AB, na mlinganyo wa mstari unaoikata AB katikati kwa pembe mraba. Kisha achore vyote kwenye karatasi moja. Majibu yako hapa, yafiche: 10; (−1, 3); 4x + 3y − 5 = 0; 3x − 4y + 15 = 0.

Na muulize, ghafla tu, mkiwa jikoni: x = 3 ni mstari uliosimama au uliolala? Wengi wanaulaza, kwa sababu mhimili wa x wenyewe umelala.

Baba wawili, Njiro, alijibu:

Mwalimu shikamoo (huku nimeshazoea). Nangojea huo ubishi wa GeoGebra. Watoto wa siku hizi hawawezi kukaa na rula na penseli kama sisi, na mstari ukijichora wenyewe angalau wanaona.

Mwalimu mstaafu, Rau, alijibu:

Marahaba. Wanaona, ndiyo, lakini chumba cha mtihani hakina kompyuta. Mkono usiozoea kupanga vipimo kwenye mhimili utapoteza dakika kwa kufuta na kuchora upya. Achore kwanza kwa mkono, halafu aandike mlinganyo wake kwenye mashine kuhakikisha. Kwa mpango huo mimi sina ugomvi nayo, hata mjukuu wangu ninamruhusu.

Mama wa Sakina aliandika:

Mwalimu shikamoo, na asante sana kwa muda wako.

Swali la Arusha na Moshi lilizua kelele nyumbani. Baba yake naye alipata −6.72, sasa anaitwa Tunduru. Binti amelielewa, na kwenye maswali ya kulia na juu ameacha kubahatisha. Nimemtungia mengi kwa yale mafungu, na yeye hajui nayatoa wapi.

Kilichonileta tena ni lile zoezi la A na B. Majibu yote manne ameyapata sawasawa, nilikuwa nimekaa naye. Mteremko wa AB alipata −4/3, wa ule mwingine 3/4, akavizidisha ikatoka −1, akafurahi. Halafu akachora. Kwenye karatasi mistari hiyo miwili haikutani kwa pembe mraba hata kidogo! Ameweka kipimapembe, ameirudia mara ya pili, bado. Sasa amenuna, anasema kanuni ya −1 ni uongo wa walimu. Nimempiga picha karatasi, naiambatanisha. Nimwambie nini?

Baba wawili, Njiro, alijibu:

Mwambie aweke GeoGebra 😄

Mwalimu mstaafu, Rau, alijibu:

Nimeiona picha. Mama, huyo mtoto ana jicho zuri, mpongeze kwanza. Wengi wangesogeza rula kidogo ili pembe ikubali.

Tazama vipimo vyake. Kwenye mhimili wa x, sentimita 1 ni yuniti 1. Kwenye mhimili wa y karatasi ilikuwa inaisha, kwa hiyo kaamua sentimita 1 iwe yuniti 2. Kwa kufanya hivyo ameibana picha nzima kutoka juu. Kila kitu kilichosimama kimekuwa nusu, na vilivyolala vimebaki vilivyo. Ukipima kwa rula kwenye karatasi yake, AB inashuka kwa 2/3 badala ya 4/3, na ule mwingine unapanda kwa 3/8 badala ya 3/4. Zidisha −2/3 kwa 3/8 unapata −1/4. Hapo pembe mraba haipatikani ng'o, ingawa milinganyo yake ni sahihi.

Mwache avizidishe mwenyewe hivyo vya kwenye karatasi ndipo umweleze, la sivyo ataninunia na mimi.

Kwa grafu ya kutafuta tu mistari inakatana wapi, vipimo tofauti havina ubaya, na mara nyingi ndivyo swali linavyotaka. Ila pembe au umbali ukitakiwa kuonekana kwenye mchoro, mihimili yote miwili iwe na kipimo kimoja. Karatasi ikiwa fupi, apunguze pande zote mbili, au aigeuze ilale. Na ndugu yangu wa Njiro, hata hiyo GeoGebra yako ukivuta mhimili mmoja peke yake inafanya hayo hayo. Jaribu jioni uone.

Karatasi za grafu msinunue moja moja. Ulizeni bunda kwenye steshenari, au mtoe fotokopi ya moja nzuri, ila mpime kwa rula kabla ya kulipa, maana mashine nyingine zinavuta upande mmoja na mtarudi kwenye ugomvi ule ule.

Swali linalofuata: mstari 2x + 3y = 12 unakata mihimili wapi, na pembetatu inayozaliwa hapo kwenye kona ina eneo gani? Majibu ni (6, 0), (0, 4) na 12. Halafu atafute mlinganyo wa mstari unaopita (0, 0) na kuukata huo kwa pembe mraba. Hilo la mwisho silitoi jibu hapa, Tunduru naye ajaribu.