Naomba ushauri: simfonia za Elgar na Vaughan Williams chini ya Boult, nichukue CD za laivu au za studio?

TromboniYaUsharika:
Wakuu habari za wikiendi, niende kwenye mada. Napiga tromboni kwenye bendi ya tarumbeta ya usharika huku Moshi, kazi zetu ni ibada, harusi na misiba basi. Sasa mwalimu wetu alituletea flashi imejaa simfonia (zile kazi ndefu za okestra) za Waingereza na tangu hapo mimi nimekwisha, hasa namba 1 ya mtunzi Elgar, pale mwanzo timpani zinanguruma chini kwa chini halafu ule wimbo unaingia polepole huku besi zinatembea tu chini yake, yaani nasikiliza nikiwa kwenye daladala nashuka kituo siyo changu.

Dada yangu anakaa Uingereza anakuja mwezi wa 12, kaniambia nichague CD zisizidi tatu. Kondakta nimeshaamua, ni Sir Adrian Boult, maana kila nikigusa Elgar au mtunzi mwenzake Vaughan Williams namkuta yeye. Kasheshe ni kwamba kuna rekodi zake za studio na kuna hizi za laivu zilizotoka kwenye hifadhi za redio, nyingine mono (sauti ya njia moja), zinakwaruza, watu wanakohoa humo ndani, na bei haipishani sana. Mtu wa kawaida mwenye redio ya kawaida na hedifoni anapata nini kwenye laivu ambacho studio hakipo? Au ni mambo ya wakusanyaji tu? Nawasilisha.

Mtaa_wa_Kumi:
Mkuu unga umepanda bei wewe unawaza makohozi ya wazungu 😂😂

TromboniYaUsharika:
Unga nanunua mimi, CD ananunua dada. Tuendelee.

KipazaSauti:
Nitakujibu kwa urefu kidogo maana huyu mzee ni wangu. Boult alizaliwa 1889 akafa 1983, na umuhimu wake siyo kwamba aliishi miaka mingi, ni kwamba hizi kazi zilipita mkononi mwake zikiwa bado za moto. Vaughan Williams namba 3 alipiga yeye kwa mara ya kwanza 1922, namba 4 mwaka 1935, namba 6 mwaka 1948. Elgar namba 2 ilipotoka 1911 watu hawakuielewa, mtunzi mwenyewe aliongoza siku ile na ukumbi ukapoa, ikakaa pembeni miaka, halafu 1920 Boult akiwa kijana akaipiga London na ndipo watu wakashtuka kwamba kumbe kitu chenyewe ndicho hiki. Kwa hiyo unapomsikia kwenye tepu ya miaka ya sabini unamsikia mtu ambaye hiyo nota kaibeba zaidi ya nusu karne.

Sasa laivu vs studio. Boult alikuwa na sifa ya utulivu kupita kiasi, anasimama wima, fimbo ndefu, mkono mmoja ndio unafanya kazi, harukiruki. Studio utulivu ule wakati mwingine unageuka ubaridi (naomba mashabiki wasinirushie mawe). Mbele ya watu anabadilika, haongezi madoido yoyote, anachofanya ni kutorudi nyuma, kazi ikishaanza kupanda inapanda mpaka mwisho. Chukua hiyo hiyo namba 1 yako: kuna ya laivu ya Proms (yale matamasha ya kila kiangazi London) ya 1976, ana miaka 87, na mwaka huohuo aliirekodi studio na London Philharmonic. Sikiliza zote mbili zile dakika za mwisho ule wimbo wa mwanzo unaporudi na okestra yote inaushambulia kutoka pembeni. Studio kila ala iko mahali pake, safi. Laivu kuna sehemu shaba wanakaribia kupasuka, wewe mpiga tromboni utawaelewa vizuri kuliko mimi, halafu ukumbi unalipuka.

Ushauri wangu, namba 1 chukua laivu. Namba 2 chukua studio, tena aliirekodi mara tano kuanzia 1944 kwa hiyo huwezi kukosa.

BiNota:
Nakubaliana na KipazaSauti kwa Elgar ila kwa Vaughan Williams namba 6 mdogo wangu kuwa makini. Ile simfonia ina muvumenti (sehemu) nne zinapigwa bila kusimama. Tatu za kwanza ni vurugu tupu, ya tatu ina saksafoni inayocheka vibaya, halafu ya nne inaitwa Epilogi na yote kuanzia nota ya kwanza hadi ya mwisho ni pianisimo, yaani sauti ya chini sana. Dakika kama kumi hivi hakuna mahali inapopanda, inazurura tu, inaishia nyuzi zinabadilishana kodi (nota zinazopigwa pamoja) mbili, E-flat meja na E maina, mpaka zinapotea. Watu wengi enzi zile walisema ni picha ya dunia baada ya bomu, mtunzi akakataa kabisa hiyo tafsiri.

Sasa fikiria dakika kumi za pianisimo ukumbini na watu elfu kadhaa waliokuwa wanabana kifua tangu muvumenti ya kwanza. Wanakohoa! Na hawakohoi pamoja, anakohoa mmoja kushoto, wa pili anamjibu kutoka juu galeri. Kwa hedifoni kila kikohozi kinaingia sikioni. Kwa hiyo hii ya 6 mimi nasema studio, na siyo studio yoyote, tafuta ya kampuni ya Decca ya mwaka 1953 na London Philharmonic. Ni mono, sawa, lakini mzee Vaughan Williams mwenyewe alikuwepo na mwishoni kuna hotuba yake fupi anawashukuru wapigaji. Usipochukua nyingine yoyote chukua hiyo.

FundiMono:
Dada BiNota kikohozi ni nusu ya utamu bwana 😄 pale unajua ni watu wamekaa wanasikiliza kitu ambacho wengine hawajawahi kukisikia.

Mimi niongeze la kiufundi ambalo halijaguswa. Boult alikuwa mbishi sana kuhusu vayolini, alitaka za kwanza zikae kushoto kwake na za pili kulia, zitazamane. Alishikilia hivyo maisha yake yote wakati makondakta wengi walishahamia kuziweka zote upande mmoja. Elgar aliandika nota nyingi ambazo vayolini za pili zinazijibu za kwanza, ukiziweka pamoja mazungumzo yanageuka uji. Lakini mpangilio huo unausikia kwenye stirio (sauti ya njia mbili, kushoto na kulia) tu, kwenye mono wote wanatoka katikati hata wangekaa juu ya paa. Na matangazo ya muziki ya BBC yalianza kurushwa kwa stirio kwa ratiba ya kawaida mwaka 1966, kwa hiyo ukikuta laivu ya kabla ya hapo tegemea mono.

Na siyo kwamba studio ndiyo salama. Mwaka 1968 alipoirekodi Elgar kwa kampuni ya Lyrita waliokuwa wanasimamia sauti walitaka vayolini zote kushoto, mzee hakufurahia hata kidogo ila ndivyo ilivyotoka. Ni rekodi nzuri lakini siyo ukumbi wa Boult huo.

Jambo jingine ni Royal Albert Hall, ukumbi wa hizo Proms. Mpaka 1969 ndipo walipotundika yale madishi ya faibaglasi kwenye dari kupunguza mwangwi, kabla ya hapo lile kuba lilikuwa linarudisha sauti mara ya pili. Laivu ya miaka ya sabini pale ni afadhali sana kuliko ya miaka ya hamsini.

TromboniYaUsharika:
Aisee. FundiMono umenifungua macho, kwa hiyo kumbe nilikuwa naangalia laivu/studio wakati swali la kwanza ni mono/stirio. Halafu hizi tepu zenyewe zilipatikanaje kama redio ndiyo ilikuwa inarusha? Naona CD nyingine wameandika zimerekodiwa nyumbani kwa mtu.

FundiMono:
Hiyo ni ya Richard Itter, mwenye hiyo hiyo Lyrita. Kuanzia 1952 alikuwa anakaa nyumbani kwake Buckinghamshire anarekodi matangazo ya redio kwa mashine za maana kabisa, ameendelea hivyo zaidi ya miaka 40. Matangazo mengi redio yenyewe haikutunza, tepu zilikuwa ghali, zinafutwa zinatumika tena. Makubaliano yakafanyika na BBC na chama cha wanamuziki, zikaanza kutoka rasmi kwenye CD. Angekuwa mtaani kwetu angeitwa kichaa wa redio.

Tahadhari: siyo kila CD ya tepu za redio imesafishwa kwa akili. Kuna watu wakiona mkwaruzo wanachuja mpaka wanaondoa na vayolini, inabaki sauti imefunikwa blanketi. Mwambie dada asikilize sampuli kwanza, asikilize matoazi na pembetatu, vikisikika butu aachane nayo. Bora mkwaruzo.

Mombasa_Hallé:
Nyinyi watu mnamzunguka Boult tu, na kondakta Barbirolli je? Elgar 1 ya King's Lynn, tarehe 24 Julai 1970, kanisani St Nicholas, okestra yake ya Hallé. Siku tano baadaye alikuwa amefariki. Hiyo ndiyo laivu. Inaenda polepole, kuna mahali inakaribia kusimama, nami siibadilishi na Proms yenu ya 76.

KipazaSauti:
Tulijua utakuja 😂 Barbirolli anabembeleza kila kona, mkuu. Adagio, ile muvumenti ya polepole, inayeyuka. Elgar hajaandika yote hayo, msikilize Elgar mwenyewe kwenye rekodi yake ya 1930 uone anavyokimbia, Boult ndiye yuko karibu naye.

Mombasa_Hallé:
Kwani Elgar akikimbia ndiyo sote tukimbie? Na usisahau Hallé ndiyo iliyoipiga hiyo simfonia mara ya kwanza duniani, Manchester 1908, na kondakta Richter.

BiNota:
Jamani mtoa mada ana CD tatu, siyo vita.

TromboniYaUsharika:
Nashukuru sana wakuu, nimefikia hapa: Elgar 1 laivu ya 1976, Vaughan Williams 6 ya Decca yenye hotuba. Ya tatu nilikuwa niweke Elgar 2 ya studio, ya mwisho mwisho ile ya katikati ya miaka ya sabini, ila Mombasa_Hallé kaniharibia. Nikisikia Elgar 1 mara mbili kwa makondakta wawili si nitajifunza zaidi kuliko kuwa na mbili tofauti?

KipazaSauti:
Chukua namba 2 bwana. Hiyo ya King's Lynn nitakurushia jina kamili PM umtumie dada, akikuta ya mtumba bei chee abebe nne tu, nani atamhesabia.

Mtaa_wa_Kumi:
Nimesoma uzi wote sijaelewa kitu ila nimeenda kuitafuta hiyo ya makohozi. Inaanzia dakika ya ngapi?

BiNota:
Sikiliza kuanzia mwanzo Mtaa, usiruke. Ukiruka hizo tatu za kwanza hiyo ya nne utaona ni redio imeharibika.