Kwa nini Ahrefs inatupa wageni 40 wakati Search Console inaonyesha zaidi ya 900?

Ngamiani_Kati:
Habari zenu wanajukwaa. Ninasimamia tovuti ya kampuni ndogo ya kuongoza watalii hapa Tanga, ambayo kurasa zake nyingi zinahusu Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni na safari za Pangani. Kwa mujibu wa Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi watu wanavyompata kwenye utafutaji, mwezi uliopita tulipata mibofyo zaidi ya 900 kutoka Google, ilhali mfanyabiashara anayetaka kuweka tangazo kwetu ametuletea picha ya skrini ya Ahrefs, zana ya kuchunguza tovuti yoyote kutoka nje, inayosema tunapata wageni 40 kwa mwezi, na kwa hesabu hiyo anataka bei ishuke. Je, hiyo 40 inapatikanaje, ikiwa zana hiyo haijawahi kupewa ruhusa ya kuona takwimu zetu?

Raskazone:
Ndugu, hiyo 40 ni makadirio, wala hakuna aliyehesabu wageni wenu. Zana kama Ahrefs na Semrush zina kanzidata ya maneno yanayotafutwa. Kwa kila neno hutazama tovuti ipi iko nafasi ya ngapi kwenye matokeo ya Google, kisha huzidisha idadi inayokadiriwa ya utafutaji kwa mwezi na asilimia ya watu wanaodhaniwa kubofya nafasi hiyo. Tuseme "mapango ya amboni" hutafutwa mara 200, nanyi mko nafasi ya 3 ambayo zana imeipangia asilimia 10: hapo mmeandikiwa wageni 20. Maneno yote yakishajumlishwa, ndiyo picha aliyowaletea.

Sasa, neno lisilokuwemo kwenye kanzidata huhesabiwa sifuri, hata likiwa limewaletea wageni mia, na wanaoumia zaidi ni sisi tunaoandika Kiswahili. Mtu wa Korogwe anayeuliza "kutoka stendi ya tanga mpaka mapango ya amboni nauli shilingi ngapi" zana haimjui kabisa. Google yenyewe imewahi kueleza kwamba takribani asilimia 15 ya utafutaji wa kila siku haijapata kuuona kabla.

Mwambao:
Naunga mkono, ila tusimfanye mwenzetu aamini kwamba zana hukosea kwa kupunguza tu. Idadi ya utafutaji hutegemea kwa sehemu kubwa Keyword Planner, zana ya Google ya kuwasaidia watangazaji kuchagua maneno, ambayo hutoa wastani wa miezi 12 na kuunganisha maneno yanayofanana, kwa hiyo msimu wa likizo ya Desemba humezwa ndani ya wastani. Asilimia za kubofya nazo ni za jumla: ukurasa wa matokeo ukianza na matangazo, ramani na picha, aliye nafasi ya kwanza hupata pungufu ya anachoandikiwa. Nimeona tovuti zilizokadiriwa juu mno kwa sababu hiyo hiyo.

Angalia pia kama ile picha ni ya nchi moja au ya nchi zote. Watu husahau sana kubadilisha kichujio hicho.

Ngamiani_Kati:
Ahsanteni. Nimefungua orodha ya maneno kwenye Search Console na kweli mengi yana mbofyo 1 au 2, lakini nikiyajumlisha hayafiki ile jumla ya juu. Hapo napo pana makadirio?

Raskazone:
Hapana, mibofyo hiyo imehesabiwa na Google. Maneno yanayotafutwa na watu wachache mno hufichwa kwenye orodha ili kulinda faragha, ingawa mibofyo yake hubaki kwenye jumla. Kumbuka tu kwamba mbofyo si mtu: mgeni mmoja anaweza kurudi leo na kesho.

Kwa huyo mfanyabiashara, usimtumie picha, maana picha huhaririwa. Mwongeze kwenye Search Console kama mtumiaji mwenye ruhusa finyu, aangalie mwenyewe miezi yote 16 inayohifadhiwa, kisha umwondoe mkishakubaliana bei. Ahrefs aitumie kulinganisha tovuti yenu na za washindani wenu, maana huko kasoro zake huwapata wote kwa kiasi kinachokaribiana, mradi wote wanaandika kwa lugha moja.