Mjadala: Kwani lazima brauza ije na waleti ya kripto ndani?

Mleta mada, Nairobi

Wadau mko aje. Tujadili hii kitu bila matusi, na wale wa kutuletea linki za kuzidisha pesa mara mbili wakae kando leo.

Hizi brauza zinazokuja na waleti ya kripto, yaani pochi ya sarafu za kidijitali, ndani tayari, yaani hujaweka programu nyongeza yoyote, hujaomba, umefungua tu usome matokeo ya mpira na pale juu kuna kaikoni ka pochi kanakuangalia. Brave wameweka ya kwao tangu Novemba 2021. Opera walianza mapema zaidi, 2018 kwenye Android, na Septemba 2023 wakaleta waleti ya MiniPay ndani ya Opera Mini, wakaanzia Nigeria halafu ikafika huku kwetu, na Opera Mini sote tunajua ni brauza ya nani, ni ya mtu wa bando ndogo na simu iliyojaa. Hata Microsoft 2023 walikuwa wanajaribu waleti ndani ya Edge, picha za skrini zikavuja, na hawakuitoa kwa watu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ndio tusizungushane. Kripto haina shida na mimi, USDT natumia, ile kripto inayofuata thamani ya dola. Shida yangu ni brauza kuwa na maslahi kwenye pesa yangu. Kazi ya brauza ni kufungua kila takataka iliyoko huko nje na kuhakikisha hiyo takataka hainigusi. Siku kampuni ya brauza inaanza kukata asilimia kila nikibadilisha sarafu, imekuwa mlinzi wa geti anayelipwa kamisheni na wageni anaowaingiza. Atakuwa mkali kwa nani sasa?

Na sio mambo ya kuwaza tu. Juni 2020 watu waligundua ukiandika binance.us, tovuti ya kununua na kuuza kripto, kwenye sehemu ya anwani, Brave inakumalizia yenyewe kwa linki yenye namba yao ya kamisheni, ukijisajili hapo wao wanalipwa. Kuangalia msimbo wa programu wakakuta Coinbase, Ledger na Trezor, kampuni nyingine za kripto, nazo zimo. Brendan Eich, bosi wao, akaomba radhi na wakaizima. Na huyu Eich sio mgeni, ndiye aliyetengeneza JavaScript 1995, lugha ya programu ya kurasa za wavuti, alikuwa Mozilla, wale wa Firefox, tangu mwanzo, anajua sehemu ya anwani ni kitu ambacho mtumiaji anakiamini kwa macho yaliyofungwa. Brauza yenyewe inauzwa kwa jina la faragha. Ukumbuke pia wana sarafu yao ya kripto, BAT, waliyoiuza Mei 2017 wakakusanya dola milioni 35 kwa chini ya nusu dakika. Sisemi ni wezi. Nasema angalia mshahara unatoka wapi.

Karibuni.

Mchangiaji, Mombasa

Si uizime tu kama huitaki? Mbona povu?

Mchangiaji, Eldoret

Mleta mada unachanganya vitu viwili, biashara na usalama. Mimi ni mtu wa kuandika programu, wacha niongee upande wa usalama.

Waleti ya programu nyongeza, mfano MetaMask ambayo iko tangu 2016, inakaa kwenye brauza kama mpangaji. Inajipenyeza ndani ya kila ukurasa unaofungua ili tovuti iweze kuiona. Ukiwa na waleti mbili zinagombania nafasi moja ndani ya ukurasa, inayowahi ndio inashinda, wewe hujui hata ni ipi imekuletea dirisha la kukubali muamala, mpaka ikabidi watu wa Ethereum, mtandao wa kripto unaotumiwa na waleti hizi, watunge utaratibu mpya wa kuzitambulisha. Hapo sijagusa MetaMask feki, ambazo zimewahi kuingia mpaka kwenye duka rasmi la programu na kwenye matangazo ya juu kabisa ya utafutaji. Mtu anatafuta jina sahihi, anabonyeza la kwanza, anaandika maneno yake 12 ya siri, ambayo ndiyo ufunguo wa waleti, kwisha. Halafu programu nyongeza inaweza kuuzwa kimyakimya kwa mtu mwingine na siku ya kusasishwa unaletewa kitu kingine kabisa bila kuulizwa.

Ikiwa ndani ya brauza yenyewe, hakuna cha kupakua kwa hiyo hakuna cha kughushi, na dirisha la kukubali muamala linachorwa na brauza, ukurasa hauwezi kulifunika kirahisi. Hiyo ni faida ya kweli, sio tangazo.

Na hata faragha, Novemba 2022 kampuni ya MetaMask ilipoandika upya sera yake watu wakasoma kwamba ukitumia njia yao ya kawaida ya kuunganisha na mtandao wa kripto, Infura, wanapokea anwani ya IP, namba ya muunganisho wako wa mtandao, pamoja na anwani ya waleti yako. Kelele zilikuwa nyingi. Na asilimia unayoilalamikia hao nao wanakata, MetaMask ni 0.875% ukibadilisha sarafu ndani yake. Kwa hiyo mpangaji analipwa sawa tu na mwenye nyumba, tofauti yako iko wapi?

Mchangiaji, Dar

Aisee nyie mnaongelea programu, mimi naongelea kula.

Nafanya kazi za michoro kwa wateja wa nje. Huku PayPal unalipia vitu vizuri tu ila kupokea hela ndo kasheshe, benki nayo ina makato yake na siku zake za kungoja, mteja mwenyewe anakuuliza si una waleti nikutumie USDT sasa hivi? Unamjibu nini, hapana mimi nasubiri brauza iwe safi kimaadili? Nimemuelekeza mdogo wangu kufungua waleti ya kawaida, kufika kwenye yale maneno 12 akapiga picha ya skrini, ikaenda moja kwa moja kwenye picha zake za mtandaoni. Hapo umemlinda nani? Wale MiniPay ukifungua unatumia namba ya simu, nakala ya ufunguo inakaa kwenye akaunti ya Google, makato ya kutuma hata senti moja ya dola hayafiki. Kwa mtu wa kawaida hiyo ndo waleti, zingine ni mitihani.

Na kisheria tuko kwenye vichekesho, Novemba 2019 Benki Kuu ilisema kripto hairuhusiwi, halafu 2024 bunge limepitisha kodi ya 3% kwenye kuhamisha mali za kidijitali. Yaani usitumie, ila ukitumia nikate.

Mleta mada, Nairobi

Wacha nijibu kwa mafungu.

Wa Mombasa, kuizima inawezekana, ila wangapi wanaingia kwenye mipangilio? Kampuni zinalipana mabilioni ya dola ili injini fulani ya utafutaji iwe ndiyo inayokuja na brauza, na kuibadilisha ni kubonyeza mara mbili tatu tu. Wanalipa kwa sababu wanajua hatubadilishi.

Wa Eldoret, nakupa pointi kwa dirisha la kukubali muamala, hiyo ni kweli na ni kubwa. Lakini hoja yako inaanzia kwa mtu ambaye tayari ameamua anataka waleti, unamchagulia mahali pa kuiweka. Mimi naanzia kwa yule ambaye hajaamua. Na tofauti ya mpangaji na mwenye nyumba ni hii, mpangaji akinikosea namtoa. Mwenye nyumba akinikosea nahama na alamisho zangu, nywila zangu, kila kitu.

Halafu usalama wenyewe. Februari 2025 soko la kripto la Bybit waliibiwa karibu dola bilioni 1.5, FBI wakasema ni Korea Kaskazini. Waliopitisha ule muamala sio watoto, walikuwa watu kadhaa wa kuweka saini na walikuwa na vifaa maalum vya funguo. Wezi walibadilisha JavaScript ya tovuti ya Safe, huduma ya waleti waliyokuwa wanaitumia, skrini ikaonyesha muamala wa kawaida, kumbe wanachosaini ni kingine kabisa, na kifaa mkononi hakiwezi kukusomea vizuri unachosaini. Kama hao wamedanganywa na ukurasa wa wavuti, sasa mtu aliyekuja kusoma matokeo ya mpira akiona dirisha limeandikwa kubali, atafanya nini? Atakubali. Miaka yote hii tumefundishwa kukubali, vidakuzi kubali, arifa kubali, masharti kubali. Ndani ya mashine hiyohiyo ya kukubali ndio unaweka pesa isiyorudi.

Nasisitiza isiyorudi. M-Pesa kabla hujatuma inakuonyesha jina, ukikosea unatuma ule ujumbe kwa 456 wanaanza kufuatilia, na ukilia sana kuna ofisi ya kwenda kulilia. USDT ikienda kwa anwani isiyo yake hakuna 456. Ndio maana makato ya chini ya senti hayanivutii sana, sehemu ya yale makato ya M-Pesa tunayoyalaani kila siku ndiyo inamlipa yule wa kupokea simu yako.

Dada wa Dar, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote hapa na siwezi kuipangua. Kulipwa ni kulipwa. Ninachouliza ni kwa nini iwe ndani ya brauza. Hata MiniPay wenyewe baadaye wameitoa kama programu inayojitegemea, unaipakua ukiwa na haja nayo. Hiyo sina neno nayo kabisa, nitamwelekeza hata shangazi.

Na kwa Opera huku Kenya kuna historia kidogo. Walikuwa na mikopo ya simu, OKash na OPesa, na Januari 2020 Hindenburg, watafiti wa hisa wa Marekani, walitoa ripoti wakidai riba ya mwaka ilikuwa inafika mamia ya asilimia, muda wa kulipa ni mwezi au chini, na ukichelewa watu walioko kwenye simu yako wanapigiwa. Opera walikana, wakasema ripoti imejaa makosa, na biashara ile walishatoka. Lakini mtu aliyewahi kupigiwa simu kuhusu deni la mfanyakazi mwenzake ana haki ya kuuliza maswali mawili matatu brauza ikianza tena kumshikia pesa.

Mchangiaji, Dar

Hapo kwenye programu inayojitegemea tunakaribiana kidogo. Ila simu ya GB 16 kaka, kila programu mpya lazima nifute kitu, na brauza siwezi kuifuta. Wewe una nafasi ndo maana unaona kutenganisha ni rahisi.

Na hilo la kukubali, hata kwenye hela ya simu watu wanatapeliwa kila siku, "tuma kwenye namba hii", na hiyo Hakikisha yenu ya M-Pesa ipo na jina linaonekana kabisa. Tatizo la utapeli halijaanzia kwenye waleti.

Mchangiaji, Eldoret

Niongeze sheria upande wetu. Oktoba 2025 Rais ametia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, leseni ziko kati ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kwa anayekushikia pesa iko wazi. Kazi itakuwa kwa brauza ambayo inakwambia mimi sishiki chochote, ufunguo ni wako, mimi nakuonyesha tu skrini na kukata asilimia. Hapo mleta mada ana pointi, huwezi kula kamisheni halafu likitokea la kutokea unasema mimi ni dirisha tu.

Ila bado nasema kwa anayeitumia, ya ndani ni salama kuliko programu nyongeza. Hapo sitoki.

Mchangiaji, Thika

Nawasoma tu. Mimi nina saiba, watu wanakuja kwa eCitizen na kujaza KRA, niliweka Brave kwa mashine zote kwa sababu inazuia matangazo na inaokoa bando. Wiki iliyopita nikakuta kijana amefungua waleti kwa mashine namba tatu, amemaliza ameenda, waleti iko hapohapo imengoja nywila. Akija mwingine akiweka kitu cha kurekodi vibonye kwa hiyo mashine ni mimi nitaitwa mwizi. Inatolewaje kabisa, sio kuficha ikoni?

Mchangiaji, Eldoret

Mzee kwenye mipangilio utaficha ikoni na kukataza tovuti zisiione, ila mteja anaweza kuirudisha. Kuizima kabisa tumia sera ya msimamizi, inaitwa BraveWalletDisabled, kwenye Windows unaiweka kwenye rejista upande wa sera za Brave, thamani 1, unafunga brauza na kufungua. Fanya kwa kila mashine. Na kabla ya hapo mtafute huyo kijana aje na maneno yake 12 au ahamishe alichonacho, kwa sababu ukisafisha mashine na yeye hakuyaandika popote, hakuna atakayemrudishia.

Mchangiaji, Thika

Asante. Namba yake ninayo, alilipa kwa M-Pesa.