Tupeane uzoefu: nini kilikufanya ujisomee Biblia mwenyewe?

Kijana_wa_Tudor
Jana matatu ilikwama kwenye jamu ya Nyali, mhubiri akapanda. Akatoa Yeremia 29:11, ile ya "mawazo ya amani wala si ya mabaya", akaigeuza kuwa gari, nyumba na viza kabla mwaka haujaisha. Mama mmoja kiti cha nyuma akamwambia taratibu, "Baba, soma na ya kumi." Jamaa akajifanya hakusikia, akaanza wimbo. Nikafungua simu nisome. Aya ya 10 yasema mpaka Babeli itimize miaka 70 kwanza. Yaani wengi wa Wayahudi walioisikia ahadi ile walizikwa huko huko uhamishoni. Na aya ya 8, juu kidogo tu, yawaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao!

Basi tupeane uzoefu. Wewe nini kilikufanya ushike Biblia mwenyewe badala ya kungoja Jumapili utafuniwe? Matusi kwa wachungaji sitaki, wangu ni mtu mzuri.

feri_saa_moja
Huyo mama wa nyuma apewe kanisa.

Binti_Kongowea
Umenikumbusha jambo ambalo nyumbani kwetu halizungumzwi.

Mamangu anauza nyanya Kongowea, jumla na rejareja. Ukijua soko lile wajua mtaji si pesa ya kuweka, ni pesa ya kuzunguka: lori laingia alfajiri, walipa, wauza, kesho yake wangoja lori jingine. Kukaletwa mgeni kanisani, juma zima la maombi. Usiku wa mwisho akahubiri mjane wa Sarepta, yule aliyempa Eliya mkate kwanza kabla ya kula yeye na mwanawe. Akasema kuna mtu hapa ndani ameshika mkate wa mwisho, na Mungu ameufunga mlango wake mpaka auachie. Mama akasimama. Mimi niko naye safu moja, namvuta leso, ananitoa mkono. Akatia bahashani pesa yote ya lori. Watu wakapiga vigelegele, mgeni akamwambia azunguke madhabahu huku anaimba.

Alfajiri lori likaja. Mama hakushuka sokoni. Alikaa kitandani na leso ile ile ya kanisani, asema mlango utafunguka. Mwenye mzigo akapiga simu mpaka akachoka, akampa mtu mwingine. Mama akapoteza mzigo, na kile kibanda akabaki anagawana na mtu anayeuza dania.

Lililoniuma ni baadaye. Tulipokwenda kuuliza kwa heshima, tena tukiwa na mjomba, kama yaweza kurudishwa hata nusu, mzee wa kanisa akatuambia, "Msiwaguse masihi wangu." Mjomba akanywea pale pale, tukatoka kama watoto waliofumaniwa jikoni.

Usiku huo nikaitafuta hiyo aya. Ni Zaburi 105:15. Anza kusoma juu kidogo: masihi, yaani watiwa mafuta, wanaosemwa pale ni Ibrahimu, Isaka na uzao wao, watu wachache, wageni, wanaohama taifa hadi taifa, na Mungu anawakemea wafalme wasiwaonee. Kwa hiyo aya ile yamlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Pale ofisini mnyonge alikuwa mama!

Nikaendelea. Kuna mjane mwingine, 2 Wafalme 4, anadaiwa mpaka wanawe watachukuliwa watumwa. Elisha hakumwomba hata tone. Alimwambia akauze mafuta, alipe deni, yanayobaki ale yeye na wanawe. Mjane huyu sijawahi kumsikia siku ya bahasha.

Likoni_Ngambo
Pole sana dada. Kwetu ilikuwa friji.

Mtumishi_Mikindani
Dada, pole, na lililofanyika lilikuwa baya. Mimi ni mchungaji, nalisema wazi. Lakini naona uzi huu wataka kuelekea mahali pa hatari, kila mtu awe kanisa lake mwenyewe. Towashi wa Kushi, Matendo 8, alikuwa na kitabu cha Isaya mkononi, anajua kusoma, na bado alipoulizwa kama anaelewa akasema, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Na 2 Petro 1:20 yasema hapana unabii upatao kufasiriwa kama apendavyo mtu fulani tu. Someni, lakini someni na watu.

Chupa_ya_Chai
Mtumishi, maliza sura yenyewe. Filipo, aliyemwongoza towashi, alipanda gari la watu, akafundisha, akabatiza, akatoweka. Towashi akaenda zake akifurahi. Hakuachiwa namba ya M-Pesa.

feri_saa_moja
😂😂 Nimekufa.

Mtumishi_Mikindani
Ndugu Chupa, cheka. Lakini wa Beroya pia, Matendo 17:11, waliyachunguza maandiko kila siku BAADA ya kuhubiriwa na Paulo. Hawakumfukuza Paulo.

Kijana_wa_Tudor
Mtumishi, hapo tuko pamoja. Na hawakuambiwa wamemgusa masihi. Waliitwa waungwana.

Jumuiya_Changamwe
Sisi Wakatoliki mlikuwa mkituchekea ati hatusomi Biblia. Mtaguso wa pili wa Vatikano, hati ya mwaka 1965 kuhusu Ufunuo wa Mungu, ilihimiza waamini wote wasome, na ikamnukuu Mtakatifu Yeronimo kwamba kutoyajua Maandiko ni kutomjua Kristo. Jumuiya yetu ndogo hukaa nyumba kwa nyumba, injili ya Jumapili inayokuja inasomwa, kimya, kila mtu aseme lililomgusa. Kuna mama hajasoma hata darasa la pili, akizungumza padri mwenyewe hunyamaza.

Likoni_Ngambo
Na bado mna vitabu vya ziada.

Jumuiya_Changamwe
Vyetu 73, vyenu 66. Nani aliongeza na nani alipunguza, tafuta mwenyewe, si ndiyo mada?

Kijana_wa_Tudor
Jamani hiyo fungueni uzi wenu.

Mzee_wa_Rabai
Vijana, shikamooni kwanza hamjui hata kunisalimu. Mambo haya si mageni pwani. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto, na mwaka huo huo akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, kadhi wa Mombasa akimsaidia. Frere Town hapa Mombasa ilipoanzishwa 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, shule na kanisa vilikwenda pamoja. Mtu alifunzwa herufi ili asome mwenyewe. Sasa nyinyi mna simu yenye Biblia nzima na mwangoja kusomewa aya moja kwenye ukuta wa projekta.

Bin_Majengo
Mimi Muislamu nimepita tu, lakini mzee, yaani kadhi wetu ndiye aliyewasaidia? Basi twadai fungu la kumi 😄

Mzee_wa_Rabai
Marahaba mwanangu. Dai kwa Krapf.

Bin_Majengo
Kweli lakini, jambo moja lanishangaza kwa jirani zangu. Mwanangu wa miaka saba chuoni, yaani madrasa, yuwajua sura nyingi kwa moyo. Ajuaye maana ni maalimu, na hata maalimu ana mwalimu wake. Nyinyi mtu aota ndoto Ijumaa, Jumapili ana kanisa.

Mtumishi_Mikindani
Hapo umenisemea, jirani.

Shangazi_yangu_Mtwapa
Nilikuwa sitaki kuandika. Niliposoma la Binti_Kongowea na hilo la Bin_Majengo nimeona niseme.

Shangazi yangu alianza na video. Mhubiri mmoja wa huku kwetu pwani, simtaji, mwamjua wote. Kwanza akakataza televisheni. Tukasema sawa. Kisha hospitali. Kisha watoto wakatolewa shule, ati masomo ni ya shetani. Siku moja nafika nyumbani kwake naona sebule yalia mwangwi. Ameuza kochi, ameuza meza, jiko la gesi limeketi mlangoni langoja mnunuzi. Ati wanahamia msituni kufunga na kumngoja Bwana, kuna mashamba yanauzwa rahisi.

Binti yake mkubwa ndiye aliyesimama. Alikuwa darasa la nane, Biblia ya shule ile yenye jalada jeusi lililong'oka. Akamwuliza mamake, nionyeshe palipoandikwa tusile. Shangazi akasema Yesu alifunga siku 40. Mtoto akafungua Mathayo 4, akasoma kwa sauti: "mwisho akaona njaa." Akasoma mpaka malaika wanamtumikia. Akasema, mama, kwa hiyo alikula. Shangazi akamzaba kofi.

Mtoto hakulia. Akafungua 1 Timotheo 4, sijui nani alimfundisha, akasoma kwamba nyakati za mwisho wengine watajitenga na imani, "wakiwazuia watu wasioe, na kuwaamuru wajiepushe na vyakula, ambavyo Mungu aliviumba vipokewe kwa shukrani." Akamwambia, mama, huyu mtu wako ameandikwa humu.

Nasema ukweli, si aya iliyomzuia shangazi. Kilichomzuia ni kwamba kitinda mimba alishikwa na malaria kali, mume akarudi kutoka safari, akaficha nauli na vitambulisho. Waliondoka jirani zake wa mlango wa pili, mume, mke na watoto. Aprili 2023 makaburi ya msitu ule, Shakahola, yalipofukuliwa shangazi alikaa mbele ya redio siku nzima. Miili ilipita 400. Wale jirani hatujawasikia mpaka leo.

feri_saa_moja
Mungu wangu.

Likoni_Ngambo
Huyo binti yuko wapi sasa?

Shangazi_yangu_Mtwapa
Sekondari. Na hamzungumzii kabisa hilo jambo mamake akiwepo.

Pasi_Jina
Hadithi nzuri lakini nina shaka. Mtoto wa darasa la nane ajue Timotheo? Watu mnatunga mpate kusifiwa.

Shangazi_yangu_Mtwapa
Ami, sikuja kuuza tikiti. Pita.

Binti_Kongowea
Pasi_Jina, mtoto wa darasa la nane alikuwa na somo la dini kila wiki. Wewe ulikuwa ukilala.

Pasi_Jina
Haya tuseme ni kweli. Basi mmejipiga wenyewe. Yule mhubiri wa msituni ndiye mfano wa mtu aliyejisomea mwenyewe, bila mwalimu, bila chuo, bila mtu wa kumwambia hapo umekosea. Mnasema tusitegemee viongozi. Yeye hakumtegemea yeyote. Matokeo mmeyaona.

Kijana_wa_Tudor
Hili ni swali la haki, hata kama mwenyewe ni msumbufu.

Mtumishi_Mikindani
Ndilo nililokuwa nalisema tangu mwanzo.

Binti_Kongowea
Hapana. Yeye alisoma, wafuasi hawakusoma. Wao walitazama video. Katika nyumba ile aliyefungua kitabu ni mmoja tu, na ndiye aliyepigwa kofi. Na Mtumishi, usamehe, wale wachungaji wengine wenye vyeti, waliojua, walisema nini kabla ya 2023?

Mtumishi_Mikindani
Wengine tulisema. Hatukusema kwa sauti ya kutosha. Hilo nalikubali.

Jumuiya_Changamwe
Ndiyo maana sisi husoma tukiwa kumi na kitu sebuleni. Ukitoa jambo la ajabu, mama wa pembeni akuuliza "limeandikwa wapi hilo?" na chai inapoa.

Chupa_ya_Chai
Turudi kwenye uzoefu kabla hatujaombeana. Mimi nilianza kusoma kwa hasira ya fungu la kumi. Malaki 3:10 naijua kwa moyo, nimeisikia kila mwezi. Nikasema ngoja nione zaka yenyewe ilikuwaje. Kumbukumbu la Torati 14:22 kwenda chini. Jamani! Mtu anakula zaka yake mwenyewe na nyumba yake, mbele za Bwana. Ikiwa ni mbali, auze, aende na fedha, anunue ng'ombe, kondoo, divai, na KILEO. Na kila mwaka wa tatu ni ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Nimengoja mahubiri ya sura hiyo mpaka mvi zimeota.

Likoni_Ngambo
Kileo?? Biblia gani hiyo?

Chupa_ya_Chai
Ile ile tafsiri ya Kiswahili ya 1952 unayoiweka juu ya kabati.

Mtumishi_Mikindani
Ipo, ni kweli. Na Mlawi pia ametajwa, usimruke, aya ya 27.

Chupa_ya_Chai
Sijamruka Mtumishi. Nimemweka mezani pamoja na mjane.

feri_saa_moja
Mimi nilitafuta "jisaidie nami nitakusaidia" miezi na miezi. Haimo.

Bin_Majengo
Haimo?? Hata mimi nilidhani ni yenu.

Mzee_wa_Rabai
Wala mamajusi hawakuhesabiwa watatu. Zawadi ndizo tatu.

Likoni_Ngambo
Haya wajuzi, nianzie wapi? Nilianza Mwanzo, Kutoka ikaenda vizuri mpaka zile pazia za hema, nikafika Walawi nikalala.

Jumuiya_Changamwe
Marko. Sura 16, jioni moja waimaliza.

Chupa_ya_Chai
Mithali. Sura 31, soma ya tarehe ya leo. Ukikosa siku hakuna anayejua.

Mzee_wa_Rabai
Luka kisha Matendo, mwandishi ni mmoja. Usisome ukilala chali. Na soma ile ya 1952.

Binti_Kongowea
Mzee, samahani, mtu mgeni mpe tafsiri ya Habari Njema, yenye Kiswahili chepesi. Mamangu alianza kuelewa barua za Paulo humo.

Mzee_wa_Rabai
Hiyo ni gazeti.

Binti_Kongowea
Gazeti lililomtoa mama kitandani, babu.

Mtumishi_Mikindani
Aya moja usiisome peke yake. Kumi juu, kumi chini. Na aliyekuhubiria akiulizwa akakasirika, ongeza nyingine kumi.

Kijana_wa_Tudor
Mtumishi leo umeokoka 😄

Likoni_Ngambo
Nimepuuza wote, nimefungua palipofunguka. Waamuzi 11. Huyu Yeftha aliweka nadhiri, halafu anayetoka mlangoni ni binti yake wa pekee?? Mbona Mungu hakusema kitu pale? Nani anaijua hii?

Chupa_ya_Chai
Mimi naijua.

Mzee_wa_Rabai
Usimsikilize. Ngoja niswali Jioni nirudi, hiyo si ya kujibu kwa simu moja. Soma kwanza sura ya 10, uone Yeftha alikulia Israeli ya namna gani.