Mtoto amegoma kumwona mzazi baada ya talaka: amelishwa maneno au ana sababu yake?

MsaidiziKata

Wadau, habari za kazi. Hili jambo linarudi kwenye kata karibu kila mwezi, na ushauri unaotembea mitaani ni wa aina mbili tu: "mwachie Mungu" au "nenda na polisi". Natafuta wa tatu.

Mfano wa kawaida huu hapa. Ndoa imevunjwa mahakama ya mwanzo. Watoto wawili, binti wa miaka 12 na mvulana wa miaka 8, wako kwa mama. Hukumu inasema baba "atakuwa na haki ya kuwaona watoto", nukta. Miezi mitatu ya mwanzo walikwenda vizuri. Baadaye simu zikawa hazipokelewi, halafu "wanaumwa", halafu "wana tuisheni". Sasa binti anajibu mwenyewe mlangoni: "Sitaki, wewe ulitutelekeza." Mdogo akiulizwa, anamtazama dada yake kwanza. Baba naye kasitisha hela ya matunzo "mpaka niwaone wanangu". Hali hii naiona pia kinyume chake, pale watoto wanapopelekwa kwa bibi mzaa baba na mama anakuta geti limefungwa.

Nianzie wapi? Nitajuaje kama mtoto amelishwa maneno au anaogopa kwa haki yake? Na kisheria nini kinafanya kazi kweli, si kwenye karatasi tu?

Ustawi_Mstaafu

Anza na swali lako la pili, maana ukikosea hapo, yote yanayofuata yatamuumiza mtoto.

Ongea na kila mtoto peke yake. Usiwaweke pamoja; huyo mdogo anayemtazama dada yake hatakwambia lolote dada akiwepo. Usikutane nao nyumbani kwa mama wala kwa baba. Na usiulize "je, baba anakupiga?" au "je, mama anamsema baba vibaya?" Mtoto wa miaka 8 anajibu anachodhani unakitaka. Mwambie: "Nisimulie siku ya mwisho mliyokwenda kwa baba, tangu mlipoamka." Kisha nyamaza. Dakika mbili za kimya zinaleta mengi kuliko maswali kumi.

Mtoto mwenye hofu ya kweli mara nyingi ana tukio: chumba gani, mkanda upi, nani alikuwepo. Na wengi wao bado wana jema la kumsemea huyo mzazi. Wanampenda na wanamwogopa kwa wakati mmoja. Aliyejazwa maneno ana hukumu bila tukio. Atasema "alitutelekeza" au "hana uwajibikaji", maneno ya watu wazima, na ukimwomba mfano anakupa kitu chepesi: anatafuna kwa sauti, nyumba yake ina joto. Hakumbuki jema hata moja, na chuki imesambaa hadi kwa bibi, shangazi na binamu aliokuwa akicheza nao mwaka jana. Huyo bibi kamkosea nini?

Tahadhari: hakuna dalili moja inayotosha. Kuna kundi la tatu ambalo watu wanalisahau. Binti wa miaka 12 anaweza kugoma kwa sababu kwa baba hana pa kulala, ameanza hedhi na hakuna wa kumwambia, au kuna mama mpya ndani na hakuna aliyemwelezea. Hapo hakuna sumu. Dawa yake ni kitanda, pazia na shangazi wa kuongea naye. Kuna pia mtoto anayekataa ili apumzike, kwa kuwa kila akirudi anahojiwa: mlikula nini, nani alikuwepo, alisema nini juu yangu. Akigoma kwenda, mahojiano yanakwisha.

Kwenye ripoti usiandike kwamba mtoto ana "ugonjwa wa kutengwa na mzazi". Neno hilo lilianzishwa na daktari wa akili wa Marekani, Richard Gardner, mwaka 1985, na limezua ubishi hadi leo. Shirika la Afya Duniani liliondoa istilahi hiyo kwenye faharasa ya orodha yake ya magonjwa mwaka 2020. Andika matendo: tarehe, nani alisema nini, mtoto alifanya nini. Hakimu anafanyia kazi matendo.

Hoja_ya_Bibi

Samahani, naingilia. Wanaume waliowapiga wake zao wamejifunza neno hili vizuri sana. Mama akimficha mtoto kwa kuogopa, anaambiwa analisha sumu.

Ustawi_Mstaafu

Sahihi, na ndiyo maana nimeanza na hofu. Mwaka 2023 mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake aliandika ripoti nzima juu ya hilo. Kwa hiyo kabla ya yote: kuna PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali? Kuna jalada kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi? Majirani wanasemaje? Kama kuna historia ya kipigo, tunachozungumzia ni ulinzi. Baba anaweza kuendelea kuwaona, lakini mbele ya afisa ustawi, kwa muda wa saa moja, na mama asikutane naye kabisa: yeye awalete watoto na kuondoka dakika 15 kabla baba hajafika. Mtoto akisema ameguswa vibaya au anapigwa, usikae nayo hadi Jumatatu. Namba ya bure 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto.

Wakili_wa_Mkoani

Nije kwenye sheria, ya Tanzania Bara. Tatizo la kwanza la mfano wako liko kwenye hukumu yenyewe. "Haki ya kuwaona watoto" bila siku, saa wala mahali haikaziki. Hakimu hawezi kumwambia mtu amevunja Jumamosi ambayo haikuandikwa. Baba arudi mahakamani kuomba amri irekebishwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu amri za malezi na matunzo kubadilishwa hali ikibadilika. Aombe maneno yanayopimika, kwa mfano:

"Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, saa 4:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni. Makabidhiano ni ofisi ya ustawi wa jamii, au nyumbani kwa ndugu waliyekubaliana. Simu ni Jumatano na Jumapili, saa 1:00 hadi 1:30 usiku, kwa namba itakayotajwa. Mtoto akiugua, mzazi mwenzake ataarifiwa kwa meseji siku hiyo hiyo na Jumamosi inayofuata itafidia. Likizo za Juni na Desemba zitagawanywa nusu kwa nusu."

Kipengele cha fidia ndicho wengi wanakisahau. Pasipo fidia, homa ya kila Jumamosi ina faida. Ikiwepo, homa zinapungua kwa kasi ya ajabu.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inaiweka haki hii mikononi mwa mtoto: wazazi wakitengana, ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine, mradi masomo yasivurugike. Maombi yaandikwe hivyo. Ombi linaloanza na "haki yangu kama baba" linasomeka kama ugomvi wa mali. Iombe mahakama pia iagize ripoti ya afisa ustawi. Hakimu halazimiki kuifuata, ila bila ripoti anabaki na viapo viwili vinavyopingana. Na baba asitegemee kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa, kinachohusu malezi, kimpe watoto kirahisi. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto, chini ya miaka 7 dhana ni kwamba ni vyema akae na mama, na mtoto wa miaka 12 ataulizwa anataka nini. Ndiyo maana kazi ya kurudisha uhusiano isingoje kesi.

Sasa matunzo. Kusitisha hela ndiko kosa kubwa kuliko yote kwenye simulizi hili. Matunzo na kuonana ni mambo mawili. Moja si malipo ya lingine. Zaidi ya hapo, amelifanya neno la binti liwe kweli: sasa ametelekeza. Alipe mwezi huu, na malimbikizo kwa mafungu. Asitume kwa mkono wala kupitia kwa jirani. Atumie benki au simu, kiasi kile kile, tarehe ile ile, ahifadhi ujumbe wa muamala, na kila miezi 3 achukue taarifa ya miamala. Ada ailipe moja kwa moja shuleni na abaki na stakabadhi.

Kosa la pili ni kumchukua mtoto getini mwa shule bila ridhaa. Kumwondoa mtoto kwa mtu mwenye malezi yake kihalali ni kosa chini ya Sheria ya Mtoto, na kesi inageuka siku hiyo hiyo.

Wa Zanzibar mzingatie: Sheria ya Ndoa ya 1971 haifiki huko. Mna Sheria ya Watoto Namba 6 ya 2011, na kwa Waislamu ndoa na talaka ni Mahakama ya Kadhi.

Mtetezi_Mombasa

Kwa wasomaji wa Kenya, kwa ufupi: Katiba, ibara ya 53, inawapa baba na mama jukumu sawa la malezi, wawe walioana au la. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022 wazazi wanaweza kuandika makubaliano ya majukumu ya wazazi. Anzeni kwa afisa wa watoto; akiwapatanisha, yaandikwe, yatiwe sahihi, kisha yapelekwe mahakamani yawe amri. Makubaliano ya mdomo huvunjika mara tu mmoja akipata mpenzi mpya.

MwalimuDarasaLa6

Upande wa shule: tupeni nakala ya amri yenye muhuri wa mahakama. Bila hiyo mwalimu mkuu anamsikiliza aliyefika kwanza. Mzazi asiyeishi na mtoto aombe nakala yake ya ripoti ya mitihani na tarehe za vikao. Aje kwenye kikao, akague madaftari, aondoke. Asiombe mtoto aitwe ofisini "amsalimie baba" mbele ya wenzake. Binti wa miaka 12 hatasahau aibu hiyo. Na mwalimu asibebeshwe ujumbe. Tunachoweza kuandika ni tunachokiona: mtoto anayeumwa tumbo kila Ijumaa mchana, au aliyeacha kumchora baba kwenye picha ya familia.

MsaidiziKata

Asanteni sana. Nimeelewa amri na matunzo. Bado nakwama mlangoni. Binti akisema "ulitutelekeza", baba ajibu nini? Wengi hapo ndipo wanapoharibu.

Ustawi_Mstaafu

Wanaharibu kwa njia mbili. Mmoja anasema "mama yako ndiye muongo", na mtoto analazimika kumtetea mama papo hapo. Mwingine anatoa risiti mfukoni. Mtoto hahitaji ukaguzi wa hesabu.

Ajibu mfupi, sauti ya chini, akiwa amechuchumaa au amekaa: "Nimekusikia. Unaona nilikuacha, na inauma. Miezi ile sikutuma hela, nilikosea. Nitakuja tena Jumamosi ya tatu, saa 4." Kisha aage na kuondoka. Asizidishe dakika 5. Asilie mbele yake, asiulize "hunipendi tena?" Na Jumamosi ya tatu awe pale saa 3:55, hata kama anajua atakataliwa. Akikosa mara moja, mtoto anarudi kwenye hesabu ya kwanza.

Akikubali kutoka, mara tatu au nne za mwanzo ziwe dakika 90, si siku nzima, hata kama amri inampa saa 7. Mrudishe angali anafurahia. Chagueni kazi ya mikono: kusukuma chapati, kuziba pancha ya baiskeli, kucheza bao. Kukaa kwenye viti mkatazamana juu ya soda ni usaili. Hakuna simu za mama kujadiliwa, hakuna "mwambie mama yako", hakuna mpenzi mpya siku hizo. Zawadi kubwa iache dukani. Ikifika nyumbani inakuwa hongo. Wakivumilia mara nne, ongeza hadi saa 3, halafu mchana mzima, kulala mwisho kabisa. Hesabu miezi 6, si wiki 6.

Mdogo usimchukue peke yake mwanzoni ukamwacha dada mlangoni. Dada atamwona msaliti. Akikaa na wewe nusu saa barazani huku dada yuko ndani anasikia mnacheka, hiyo inatosha.

Binti akigoma kabisa, usimburute. Polisi mlangoni wanathibitisha kila alichoambiwa. Tuma meseji moja kila Jumapili, mistari miwili, isiyodai jibu: "Leo nimepita sokoni nimeona maembe yale ya dodo unayopenda. Wiki njema." Hapana "nateseka bila nyie".

Mama naye ana kazi, na umwambie bila kumshutumu. Mtoto anasubiri ruhusa yake. Kusema "shauri yenu, mkitaka nendeni" ni katazo lenye sauti ya ruhusa. Aseme: "Nendeni salama, mkirudi wali utakuwa tayari," na wakirudi asiulize zaidi ya "mmeshiba?"

Wakili_wa_Mkoani

Nyongeza ya ushahidi, kwani meseji hizo zitafika mahakamani siku moja. Andaa daftari la kurasa zenye namba: tarehe, saa ya kufika, nani alifungua mlango, maneno yaliyosemwa kwa herufi zake, saa ya kuondoka. Liandikwe siku hiyo hiyo, bila matusi, kwa kuwa upande wa pili utalisoma. Meseji zisifutwe hata zinazomwonyesha baba vibaya. Ukileta nusu ya mazungumzo, mwenzako ataleta nusu nyingine. Picha ya skrini ionyeshe namba na tarehe, jina la kwenye simu pekee halitoshi. Na simu yenyewe isiuzwe hadi kesi iishe, maana mahakama inaweza kuuliza rekodi ya kielektroniki ilihifadhiwaje.

MsaidiziKata

Jumatatu naanza na malimbikizo ya matunzo, halafu ombi la kurekebisha amri. Daftari nimeshamnunulia.